Maikrowevu na Mabaki ya Mbao: Fursa na Mipaka ya Kugeuza Taka Kuwa Nishati Matembwe

Gogo linapochanwa katika mashine za mbao za Matembwe, mkoani Njombe, sehemu kubwa yake haigeuki kuwa mbao. Sehemu hiyo hubaki ikiwa mabanzi, magome, maranda na vumbi la mbao. Katika viwanda vidogo mabaki hayo mara nyingi hufikia nusu ya ujazo wa gogo au kuizidi. Baadhi hutumika kama kuni, mengine hutandikwa katika mabanda ya kuku, na yanayosalia huachwa yaoze au huchomwa moto karibu na mashine. Moshi wake husambaa hadi kwenye makazi, na cheche zake wakati wa kiangazi huhatarisha mashamba ya miti yaliyopandwa kwa gharama na kusubiriwa kwa miaka mingi.

Wakati huohuo, shule, vituo vya kulelea watoto na kaya katika ukanda huohuo zinatafuta nishati ya kupikia itakayochukua nafasi ya kuni na mkaa wa miti. Swali linaloulizwa na wajasiriamali na vikundi vya wananchi ni kama mabaki hayo yanaweza kuwa nishati, na kwa teknolojia ipi. Miongoni mwa teknolojia zinazotajwa zaidi ni ile ya kupasha taka joto kwa mawimbi ya maikrowevu, yaleyale yanayopasha chakula katika majiko ya umeme ya nyumbani. Ni teknolojia ya kweli yenye msingi wa kisayansi, lakini ina mipaka inayopaswa kueleweka kabla mwananchi hajatoa fedha zake.

Mwelekeo wa Serikali kuhusu nishati safi ya kupikia

Tarehe 8 Mei, 2024, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo la mkakati huo ni kuhakikisha kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati safi ya kupikia, kutoka asilimia 6.9 iliyokadiriwa mwaka 2021. Aidha, Serikali ilikwisha kuzielekeza taasisi zinazoandaa chakula cha watu zaidi ya 100 kuachana na matumizi ya kuni na mkaa.

Utekelezaji wa malengo hayo hautegemei gesi ya mitungi na umeme pekee. Bayogesi na mkaa mbadala unaotengenezwa kwa mabaki ya mimea navyo vina nafasi, hasa katika maeneo yenye malighafi nyingi. Njombe ni mkoa wa namna hiyo. Una misindano, milingoti na miwati, una mashamba ya chai, mahindi, viazi na parachichi, na una ufugaji wa ng'ombe wa maziwa na kuku. Kila shughuli kati ya hizo huacha mabaki, na kila mabaki yana njia yake inayofaa ya kugeuzwa kuwa nishati.

Namna maikrowevu inavyopasha joto

Matumizi ya mawimbi ya maikrowevu katika kupasha joto yalitokana na teknolojia ya rada. Mwaka 1945 mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani alibaini kuwa mawimbi yanayotoka katika kifaa cha rada kiitwacho magnetroni yanaweza kupasha chakula. Kifaa hichohicho ndicho kilicho ndani ya majiko ya maikrowevu hadi leo.

Jiko la kuni hupasha kitu kuanzia nje. Moto hupasha chungu, chungu hupasha maji, na joto huingia ndani polepole. Maikrowevu hufanya kazi kwa namna nyingine. Mawimbi hupenya ndani ya kitu na kuzifanya molekuli za maji zijigeuze huku na huko mabilioni ya mara kwa sekunde, na msukosuko huo ndio unaozaa joto. Kwa hiyo kitu hupata joto katika unene wake wote ambao mawimbi yameufikia, na si kwenye uso wake pekee. Kwa vumbi la mbao, ambalo hupitisha joto kwa shida, hiyo ni faida kubwa.

Majiko ya nyumbani hutumia masafa ya megahezi 2,450, ambayo urefu wa wimbi lake ni takriban sentimita 12. Mitambo mikubwa ya viwandani hutumia pia megahezi 915, yenye wimbi la takriban sentimita 33 linalopenya zaidi katika lundo la malighafi. Mawimbi haya hayana uwezo wa kuifanya malighafi iwe na mionzi ya nyuklia. Mtambo ukizimwa, mawimbi hukoma papo hapo.

Kugeuza taka kuwa nishati kunahitaji hatua zaidi ya kupasha. Malighafi huwekwa katika chombo kilichozibwa kisiingize hewa, kisha joto hupandishwa hadi kati ya nyuzi 400 na 600 za Selsiasi. Kwa kuwa hakuna oksijeni, malighafi haiwaki bali huvunjika. Utaratibu huo huitwa pirolisisi. Mchoma mkaa anayefukia magogo kwa udongo hutumia kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba katika tanuri la udongo moshi wote hupotea angani, ilhali mtambo hukusanya gesi na mvuke na kuvitumia.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wauzaji wa mitambo hulitaja kwa nadra. Mbao kavu haifyonzi maikrowevu vizuri. Maji yakishakauka, joto hupanda kwa shida, na ndiyo sababu mitambo ya aina hii huchanganya malighafi na kitu kinachofyonza mawimbi kwa wingi, kama unga wa mkaa. Mkaa ukishaanza kutengenezwa ndani ya chombo, nao husaidia kufyonza mawimbi. Bila mpangilio huo, sehemu moja ya lundo huungua huku nyingine ikibaki mbichi.

Kinachopatikana mwishoni

Pirolisisi hutoa vitu vitatu. Cha kwanza ni mkaa, ambao ukisagwa na kushindiliwa kwa kiunganishi kama uji wa muhogo huwa mkaa mbadala wa kupikia. Mkaa huo pia unaweza kuchanganywa na samadi na kutiwa shambani, kwa kuwa matundu yake madogo huhifadhi maji na virutubisho.

Cha pili ni gesi, mchanganyiko wa haidrojeni, kaboni monoksidi, methani na kabonidayoksaidi. Gesi hiyo huwaka, na kwa kawaida hurudishwa kutumika katika mtambo wenyewe kukausha malighafi.

Cha tatu ni kimiminika cheusi chenye harufu kali ya moshi. Kimiminika hiki ndicho kinachotangazwa mara nyingi kuwa mafuta mbadala ya dizeli, na ndicho kinachopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi. Kimiminika kinachotokana na mbao huwa na maji mengi na tindikali ya kutosha kula chuma. Nishati iliyomo katika kilo moja yake haifikii nusu ya ile iliyomo katika kilo moja ya dizeli. Kinaweza kuchomwa katika tanuri lililoandaliwa, lakini kikiwekwa moja kwa moja katika injini ya trekta au jenereta kitaiharibu. Kukigeuza kuwa mafuta ya injini kunahitaji kiwanda cha kusafisha chenye gharama kubwa, ambacho hakiwezi kujengwa katika kila kijiji.

Hesabu ya umeme

Kipimo cha kwanza cha mtambo wowote wa kuzalisha nishati ni kama nishati inayotoka inazidi inayoingia, na kwa kiasi gani. Katika maikrowevu nishati inayoingia ni umeme, ambao ni wa thamani kuliko joto la kawaida. Mfano ufuatao unaonyesha kwa nini unyevu wa malighafi ndio unaoamua faida au hasara.

Tani moja ya vumbi la mbao mbichi huweza kuwa na kilo 500 za maji na kilo 500 za mbao kavu. Kuchemsha na kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke, kuanzia nyuzi 20 za Selsiasi, huhitaji takriban megajuli 2.6. Kwa kilo 500 za maji ni megajuli 1,300, sawa na uniti 360 za umeme. Hata hivyo, magnetroni ya megahezi 2,450 hugeuza takriban asilimia 65 tu ya umeme kuwa mawimbi. Hivyo umeme unaohitajika kukausha tani hiyo moja ni takriban uniti 555. Mtambo mdogo wa maji wa kilowati 100 ungelazimika kufanya kazi hiyo peke yake kwa zaidi ya saa 5, kabla hata pirolisisi haijaanza.

Vumbi hilohilo likianikwa juani hadi maji yabaki asilimia 15, kilo 500 za mbao kavu zitakuwa zimebeba takriban kilo 88 tu za maji. Umeme wa kuyaondoa hushuka hadi uniti 100 hivi. Jua, ambalo halina ankara, limeokoa uniti zaidi ya 450 kwa tani moja ya malighafi.

Kwa Matembwe hesabu hiyo ina maana ya pekee. Njombe ni nyanda za juu zenye baridi na msimu mrefu wa mvua unaoanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Anayetaka kutumia vumbi la mbao kama nishati, kwa teknolojia yoyote, anahitaji kwanza banda lenye paa na sakafu kavu la kuhifadhia malighafi iliyoanikwa kiangazi. Banda hilo linaweza kuwa uwekezaji wenye tija kuliko mashine yenyewe.

Uzoefu uliopo Njombe na kwingineko nchini

Kutumia mabaki ya miti kuzalisha nishati si jambo jipya mkoani Njombe. Kampuni ya miwati ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949 na kujulikana kwa kuzalisha kemikali ya kulainishia ngozi kutoka katika magome ya miwati, ilianza mwaka 1995 kuendesha mtambo wa umeme wa megawati 2.5 unaotumia kuni na mabaki ya mbao. Teknolojia yake ni ya kawaida: mabaki huchomwa katika boila, mvuke huendesha mtambo wa kufua umeme, na joto linalosalia hutumika kiwandani. Funzo lililopo ni kwamba mahali penye mabaki mengi, ya uhakika na yaliyo karibu, kuyachoma vizuri kwa boila yenye ufanisi kunaweza kutosha bila kuhitaji teknolojia ngumu zaidi.

Matembwe yenyewe ina historia yake katika nishati ya vijijini. Tangu miaka ya 1980 Kampuni ya Kijiji ya Matembwe, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na shirika la CEFA la Italia, imekuwa ikiendesha umeme mdogo wa maporomoko ya maji pamoja na shughuli za kutotolesha vifaranga. Uzoefu huo unaonyesha kuwa jamii ya vijijini inaweza kumiliki na kutunza mtambo kwa muda mrefu, mradi kuwe na mafundi wa hapohapo, vipuri na mapato ya kuuendesha.

Kwa taka mbichi, mfano unaofaa upo Hale, mkoani Tanga. Mwaka 2008 ulizinduliwa katika shamba la mkonge la Hale mtambo wa bayogesi unaotumia mabaki ya mkonge kuzalisha umeme. Mabaki ya mkonge ni majimaji, hivyo hayafai kuchomwa. Bakteria huyavunja katika matangi yasiyo na hewa na kutoa gesi. Kwa ngazi ya kaya, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichopo Arusha, kilisimamia mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani ulioanza mwaka 2009, ambao umejenga mitambo kwa maelfu ya kaya za wafugaji.

Nje ya nchi, maikrowevu imeonyesha thamani yake zaidi katika taka ambazo njia nyingine haziziwezi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza walitengeneza mbinu ya kutenganisha alumini na plastiki katika vifungashio vilivyounganisha vitu hivyo viwili. Mawimbi hupasha kaboni iliyochanganywa na taka hizo, plastiki hugeuka kuwa mafuta na gesi, na alumini hubaki safi ikiwa tayari kuuzwa. Kinacholipa gharama hapo ni chuma kinachookolewa pamoja na mafuta yanayopatikana.

Kila taka na njia yake

Kwa kuzingatia hayo, mgawanyo wa mabaki yanayopatikana Matembwe na maeneo ya jirani unaweza kueleweka kama ifuatavyo. Samadi ya ng'ombe, kinyesi cha kuku, maganda na matunda ya parachichi yaliyoharibika ni malighafi mbichi zinazofaa bayogesi. Mabanzi na vipande vya mbao vinafaa kuchomwa moja kwa moja katika boila au majiko banifu ya taasisi, ikiwemo kukaushia chai. Vumbi la mbao lililokauka, maranda na magunzi ya mahindi yanafaa kutengenezea mkaa mbadala. Kwa kundi hili la mwisho, tanuri la kawaida la chuma linalotumia gesi yake lenyewe huweza kufanya kazi ya pirolisisi kwa umeme kidogo sana.

Maikrowevu huanza kuwa na mantiki pale panapopatikana mambo matatu kwa pamoja: umeme wa bei nafuu wenye ziada, malighafi kavu ya aina moja, na bidhaa ya mwisho yenye soko la uhakika na bei inayozidi ile ya mkaa wa kawaida. Penye upungufu wa jambo moja kati ya hayo, mradi huwa hatarini kuwa mzigo kwa wanakikundi waliouchangia.

Tahadhari za kiusalama

Wananchi wanapaswa kuepuka kabisa kujaribu teknolojia hii kwa kutumia jiko la maikrowevu la nyumbani. Jiko hilo halikuundwa kuhimili nyuzi 500 za joto wala kuzuia gesi. Kaboni monoksidi inayozalishwa haina rangi wala harufu na huua kwa muda mfupi katika chumba kilichofungwa. Aidha, magnetroni hutumia umeme wa maelfu ya volti, na kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme huo kinaweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Misumari na vipande vya chuma vilivyosahaulika katika mbao husababisha cheche ndani ya mtambo. Plastiki za PVC, kama mabomba na baadhi ya nyaya, zikipashwa joto hutoa gesi yenye tindikali na zinaweza kuzalisha sumu, hivyo hazipaswi kuchanganywa na malighafi. Kwa mkoa unaozalisha nguzo za umeme, tahadhari nyingine ni muhimu zaidi: mabaki ya nguzo zilizokwisha kutiwa dawa ya kuzuia mchwa yanaweza kuwa na aseniki, kromiamu na shaba. Madini hayo hayatoweki kwa moto. Yatabaki katika mkaa na majivu, na mkaa huo ukitumika jikoni au shambani utahatarisha afya za watu.

Ikumbukwe pia kuwa mitambo ya maikrowevu inayotumika katika baadhi ya hospitali duniani ni ya kuua vijidudu katika taka za tiba kwa mvuke wa moto. Mitambo hiyo haizalishi nishati, na haipaswi kuchanganywa na hii inayozungumziwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuwekeza

Kikundi, kijiji au mjasiriamali anayeletewa pendekezo la mtambo wa kugeuza taka kuwa nishati ana haki ya kupata majibu ya maandishi kwa maswali ya msingi. Mtambo unatumia uniti ngapi za umeme kwa tani moja ya malighafi, na malighafi hiyo ina unyevu wa asilimia ngapi? Unatoa kilo ngapi za mkaa, na nani atazinunua? Kimiminika kinachozalishwa kitapelekwa wapi? Magnetroni ikiungua, ipo wapi nyingine, na fundi ni nani? Je, kuna mtambo kama huo unaofanya kazi kila siku, ambao wanakikundi wanaweza kwenda kuuona ukipokea malighafi yao wenyewe?

Kwa upande wa taratibu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka miradi inayoweza kuathiri mazingira kufanyiwa tathmini, na mwenye mradi anapaswa kuanza kwa kuwasiliana na NEMC. Usalama wa wafanyakazi husimamiwa na OSHA, ubora wa bidhaa na TBS, na anayekusudia kuuza umeme anapaswa kupata maelekezo ya EWURA kuhusu usajili au leseni. Ushauri wa kiufundi kwa viwanda vidogo hupatikana kupitia ofisi za SIDO, na uchunguzi wa malighafi na bidhaa unaweza kufanywa na taasisi za utafiti kama TIRDO. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii katika halmashauri ndiyo mahali pa kuanzia kwa vikundi.

Hatua ambazo hazihitaji kusubiri mtambo wowote zipo. Wenye mashine za mbao wanaweza kuacha kuchoma vumbi, kulitenganisha na mabaki ya nguzo zenye dawa, kuliweka mbali na magogo na makazi, na kulihifadhi likiwa kavu. Kikundi kitakachokuwa na malighafi kavu, safi na iliyopimwa uzito kwa msimu mzima kitajua kina tani ngapi za kuuza au kutumia, na kitakaa mezani na mwekezaji yeyote kikiwa na takwimu zake mkononi.